Swali Alilouliza Noêmia

Otoniel alitoka kanisani akitabasamu, na Noêmia alipoliona tabasamu lile kutoka upande wa pili wa ua alijua kwamba mmoja wao amesikia vibaya.

Wanaume walitokea mlango wa kulia, wanawake wa kushoto, kama walivyokaa ndani. Walisalimiana kwa busu la shavuni, mwanamume kwa mwanamume, mwanamke kwa mwanamke, "Amani ya Mungu, ndugu," "Amani ya Mungu, dada," kisha wakasimama kwenye jua la alasiri kuulizana habari za machungwa, za watoto na za wagonjwa. Otoniel Farias alikuwa ameliweka tuba lake, lile tarumbeta kubwa la shaba, juu ya ukuta mfupi wa ua, akawa analifuta bila sababu. Noêmia alikuwa bado amevaa shela yake nyeupe. Siku hiyo zamu ya kinanda ilikuwa yake, na mpiga kinanda hutoka mwisho.

Yeye na Otoniel walikuwa wachumba, na walikuwa wamekubaliana kwamba Jumapili hii kila mmoja aje kutafuta neno la Mungu juu ya ndoa yao. Otoniel alikuwa amepata kazi ya ufundi mitambo katika kiwanda cha mbao huko Rondônia, mbali kaskazini, ambako nusu ya vijana wa mji wao, Pedra Rala, walikuwa wanahamia mwaka ule. Kama jibu ni ndiyo, angebaki wiki chache, waandikishe ndoa, kisha waondoke pamoja kwa basi. Kama ni hapana, kesho asubuhi angepanda lori la kaka yake Gérson na kwenda bila Noêmia.

Katika kanisa lao hakuna mhubiri anayetayarisha mahubiri. Mwenye swali hupiga magoti nyumbani, humwambia Mungu, hamwambii mtu mwingine, kisha huenda ibadani kusikiliza. Mzee anayesikia kusukumwa ndani husimama, hufungua Biblia mahali asipopachagua, na kinachosomwa na kusemwa hapo ndicho jibu. Watu wa Pedra Rala walikuwa wamenunua nyumba kwa njia hiyo, wamekubali kupasuliwa, wamekataa kuuza ng'ombe. Na aliyejibiwa haulizi tena. Kuuliza mara ya pili ni kumwambia Mungu kwamba hakusema vizuri.

Siku hiyo alisimama Ndugu Abílio, muuza rangi, mzee mwenye sauti ya mikwaruzo. Alisoma habari za nabii Eliya: jinsi Mungu alivyomweka kando ya kijito, kunguru wakawa wanamletea mkate na nyama asubuhi na jioni, na jinsi kijito kilivyokauka, akaambiwa aondoke aende Sarepta, kwa mjane aliyekwisha kuandaliwa kumlisha.

"Amani ya Mungu, Noêmia."

"Amani ya Mungu."

Walisimama kando ya kibanda cha baiskeli, mahali pa wazi ambapo kila mtu angeweza kuwaona na hakuna ambaye angeweza kuwasikia.

"Umesikia?" Otoniel aliuliza.

"Nimesikia."

"Mimi wimbo wa mwisho sikuweza hata kuupuliza. Ndugu Genésio akanikanyaga mguu: we, besi imekwenda wapi? Nikamwambia besi imekwenda Rondônia." Alicheka. Alipoona anacheka peke yake, akaacha. "Mbona hivyo?"

"Otoniel, mimi nimeambiwa nikae."

"Ukae wapi?"

"Kando ya kijito. Alisema mtu asiondoke alipowekwa, kwamba hapohapo ndipo chakula chake kitakapoletwa. Alinitazama mimi."

"Ndugu Abílio? Noêmia, yule mzee haoni kupita benchi la tatu. Juzi alimsalimia mke wangu, na mke sina." Lakini sauti yake ilikuwa imeshuka. "Na kijito kilipokauka? Hukumsikia alivyogonga meza? Alisema ondoka, nenda, huko uendako nimeshamweka mtu."

"Nilisikia. Ila ile ya kwanza ndiyo iliyonichoma. Ile ya pili niliisikia kama habari za Eliya tu."

Otoniel alimtazama. Macho yake yalikuwa ya rangi ya kahawa nyepesi, na Noêmia, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa ameyaona zaidi kupitia kioo kidogo cha juu ya kinanda, hakujua ayapokee vipi yakiwa karibu namna hii.

"Na mimi," Otoniel akasema polepole, "ile ya kwanza niliisikia kama habari za Eliya tu."

Dada yake Noêmia, Jemima, alipita akiwa ameshika wanawe wawili, mmoja kila mkono. "Haya, wachumba wa kando ya baiskeli," alisema. "Otoniel, pumzi ya kupuliza hilo dude unayo, ya kuja kuongea na mama imekuishia?"

"Nakuja, dada Jemima."

"Kila siku unakuja. Hata Masihi atakutangulia." Akaenda zake.

Siku nyingine wangecheka. Otoniel alisubiri Jemima afike getini.

"Hebu tuanze mwanzo. Mtu akiniletea mashine imegoma, kabla sijaifungua namuuliza, ulibonyeza nini? Wewe uliuliza nini?"

"Tulichokubaliana."

"Kwa maneno gani?"

"Maneno ya mtu na Mungu wake hayaulizwi."

"Kweli, hayaulizwi. Lakini kesho naondoka, nikifika huko sitakuwa na wa kumuuliza. Niambie."

Noêmia alishika ncha ya shela yake, akaikunja, akaikunjua. Hakuwa mtu wa kusema uongo. Kwa hiyo alieleza kama ilivyokuwa: kwamba alfajiri, baada ya kumsafisha mama yake kidonda cha mguu na kukifunga, alipiga magoti palepale jikoni, kati ya jiko na beseni. Mama yake alikuwa na kisukari, na kidonda kile kilikuwa na mwaka bila kupona.

"Nilisema, Bwana, nani atamfunga mama mguu?"

"Halafu?"

"Halafu nikalia."

"Halafu?"

"Halafu nikasema amina."

Otoniel aliitazama lami ya barabara, ambako gari lililojaa machungwa lilikuwa linapita. Lilipopita akasema, "Mimi hukunitaja."

"Ulikuwamo. Mungu anajua ulikuwamo."

"Mungu anajua. Mimi nakuuliza wewe."

"Niliogopa kukutaja," Noêmia alisema. Uso wake ulikuwa umewaka. "Ningekutaja, ningekuwa nakuomba. Tumefundishwa twende na moyo mtupu, tupokee tu. Nilitaka kutii, Otoniel. Sikutaka kwenda mbele za Mungu kama mtoto anayelilia peremende."

"Mtupu mpaka mimi nikatolewa nje?"

Noêmia aliikunja tena ncha ya shela.

"Basi sikiliza," Otoniel alisema, akimkaribia hatua moja, kisha akakumbuka watu na kurudi nyuma. "Swali letu halijaulizwa. Hilo ni jambo la hesabu tu, si la imani. Uliuliza la mama, umejibiwa la mama. Jumatano kuna ibada. Nitamwambia Gérson aende, mimi nibaki hadi Jumatano. Njoo uulize habari zangu. Kwa jina. Mungu akisema hapana, nitaondoka, na sitakusumbua tena maisha yangu yote."

Lilikuwa ombi la haki, na Noêmia alijua ni la haki. Alijua pia kilichomtisha. Akiuliza kwa jina na akaambiwa ndiyo, hatakuwa na kidonda cha kujificha nyuma yake. Atatakiwa kuiacha nyumba aliyozaliwa, kinanda alichokifahamu kila kibonyezo chake, na mama anayekohoa chumba cha pili, apande basi na mwanamume mmoja kwenda kwenye nchi ya malaria. Na hilo angelifanya yeye, kwa miguu yake. Kutii kwa kukaa kulikuwa rahisi kwa sababu hakukumtaka asogee.

Hakusema hayo. Alisema, "Nikiuliza tena, namwambia Mungu jibu lako silitaki."

"Au unaogopa atakubali?"

Noêmia aligeuka kutazama getini. Otoniel alisubiri muda mrefu kuliko alivyostahili kusubiri. Kisha akalichukua tuba lake kutoka ukutani.

"Basi kesho naondoka na Gérson," alisema.

Walipeana mkono, kwa kuwa watu walikuwa wanawaona. Mkono wake ulinukia dawa ya kung'arishia shaba. Aliuachia kwanza yeye, Noêmia, na baadaye jioni ile alijiuliza mara nyingi kwa nini aliharakisha.

Dona Zulmira, mama yake, alikuwa amekaa jikoni, mguu juu ya kigoda, anamenya muhogo. Tangu kidonda kizidi hakuwa anaweza kwenda ibada za alasiri, lakini hakukosa kuuliza.

"Nani alifungua?"

"Ndugu Abílio."

"Wapi?"

"Eliya. Kijitoni."

Kisu kilisimama. "Hadi Sarepta?"

"Hadi Sarepta."

Mama yake aliweka muhogo chini na kujifuta mikono kwenye aproni, taratibu, kidole kimoja baada ya kingine. Alikuwa anatabasamu. "Sawa, mwanangu. Sawa. Kwenye lile sanduku la baba yako kuna mashuka mapya mawili. Utayachukua. Na usinywe maji ya huko bila kuchemsha."

"Mama, unasema nini?"

"Nasema usinywe maji ya huko. Kwani huendi?"

"Siendi. Nimeambiwa nikae."

"Na nani?"

"Na neno! Nilimuuliza Mungu nani atakufunga mguu, nikaambiwa nikae nilipowekwa."

Dona Zulmira alimkodolea macho kama mtu aliyeletewa chakula ambacho hakuagiza. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Jemima."

"Jemima kafanya nini?"

"Jemima atanifunga mguu. Ananifunga tangu Pasaka. Kila mchana ukienda kufundisha watoto kinanda anakuja, anafungua bandeji yako, anasafisha, anafunga tena. Wewe jioni ukirudi unafungua ya kwake ukidhani ni yako."

"Jemima akiona damu anazirai."

"Alizirai. Mara ya kwanza alimwangukia paka, paka akakimbia hadi leo. Sasa hazirai. Anaimba tu kwa sauti mbaya."

Noêmia alikaa. Alihisi jambo geni sana, kama mtu aliyetembea safari ndefu kwenda kuuliza njia ya kufika nyumbani kwake. Swali alilolipeleka mbele za Mungu kwa machozi lilikuwa na jibu mtaa wa pili, lenye mikono miwili na watoto wawili.

"Mbona hamkuniambia?"

"Ningekuambiaje?" Mama yake alikasirika, lakini si kwake. "Nilitafuta neno langu kabla ya Pasaka, wakati bado naweza kutembea. Nilimwambia Mungu, huyu binti yangu wa mwisho amependwa na mpiga tuba, nami nina roho mbaya, sitaki aende. Nikaenda. Alifungua ndugu mgeni kutoka Araraquara. Unajua alifungua wapi? Kwa Hana. Yule aliyempata mtoto kwa machozi akampeleka hekaluni akamwacha huko. Nilirudi nyumbani nimekasirika, sikumwomba Mungu wiki nzima, hata chakula nilikila bila kushukuru. Kisha nikamwita Jemima nikamwambia, jifunze."

"Na ukanyamaza."

"Wewe ulikuwa unatafuta la kwako. Mimi nikutie maneno sikioni, halafu uende ukasikie sauti yangu badala ya ya Mungu? Sitaki kujibu hilo siku ya hukumu." Alichukua muhogo, akauweka tena chini. "Nilidhani utauliza habari zake, mwanangu. Nani anakwenda mbele za Mungu kuuliza habari za mguu?"

Usiku ule hawakuongea zaidi. Kulipopambazuka Dona Zulmira ndiye aliyemwamsha. "Amka uende. Lori halijaondoka, sijalisikia likipita."

Ua wa Gérson ulikuwa mwisho wa mtaa wa kiwanda cha matofali. Lori lilikuwa limeshafungwa turubai. Gérson alikuwa chini ya boneti, na mkewe, Cleide, mwanamke mnene asiye na haraka, alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya kahawa kwapani. Otoniel alikuwa juu ya mizigo, anakaza kamba. Alipomwona Noêmia anaingia getini bila shela, nywele zimefungwa ovyo, alishuka kwa mruko mmoja.

Hakuna aliyekumbuka kusalimia.

"Jemima anajua kufunga," Noêmia alisema akihema. "Alikuwa anafunga siku zote. Mama anasema niende. Yeye alijibiwa kabla ya Pasaka, aliambiwa aniachie, hakusema ili asinichanganye. Mama ameniruhusu, Otoniel. Amenipa mashuka."

Otoniel alisikiliza yote. Furaha ilimjia usoni, akaizuia.

"Nafurahi kwa ajili ya mguu wa mama," alisema. "Kweli nafurahi."

"Basi shusha sanduku lako."

"Nitashusha. Nitashusha hata tuba, na Gérson atanitukana hadi Rondônia." Kaka yake aligonga boneti kuonyesha kwamba amesikia. "Ila nataka nisikie kitu kimoja. Jana Mungu alikuwa amekukataza. Leo mama amekuruhusu. Wote nawaheshimu. Sijasikia bado wewe unasemaje."

"Si nimekuja?"

"Umekuja kuniletea ruhusa ya mama. Nitaipokea. Lakini huko tunakokwenda hakuna mama wala dada, na ibada ni mara moja kwa mwezi akipatikana mzee wa kupita. Utapata homa. Utanikasirikia. Siku hiyo ukiniuliza nani alikuleta huku, nataka nikumbuke ulichosema leo. Neno moja, Noêmia. Unataka?"

Alitaka. Hilo halikuwa na shaka yoyote. Alitaka tangu siku ile Otoniel alipohamishiwa safu ya nyuma ya okestra na kutokea kwenye kioo cha kinanda, mashavu yamefura, macho yanacheka. Lakini Noêmia alikuwa amelelewa na watu ambao hawakusema "kesho nitakuja" wala "Jumamosi nitaoka mkate" bila kuongeza maneno mawili ya unyenyekevu, na kwao kutaka jambo kwa sauti kulikuwa jirani na kiburi. Dukani akiulizwa anataka kitambaa cha rangi gani, alisema chochote. Alifungua kinywa. Kilichotoka ni kile kilichokuwa kikitoka siku zote.

"Bwana akitayarisha, nitakwenda."

Kwake yeye ilikuwa ndiyo. Aliisema kwa moyo wote, machozi yakimtoka, na pengine Mungu aliihesabu kuwa ndiyo. Lakini Otoniel alikuwa wa kanisa lilelile. Alikuwa ameyasikia maneno hayo alipomwomba wawe wachumba, na alipomuuliza kama watafunga ndoa mwaka ujao, na alipomweleza habari za Rondônia, na kila mara yalimaanisha kwamba mtu mwingine ataamua.

"Na asipotayarisha?" aliuliza kwa upole.

Noêmia aliinamisha kichwa. Hakuelewa kwamba alikuwa bado na nafasi. Alidhani anajaribiwa imani, na kwenye jaribu la imani jibu sahihi ni kunyamaza.

Yawezekana Otoniel naye alikosea. Mwanamume mwenye subira zaidi angelichukua lile neno nusu, akaoa, akaisubiri ile nusu nyingine kwa miaka. Yeye alikuwa fundi, na hakuzoea kuondoka na mashine ambayo haijawaka. Alimshika bega, mbele ya kaka yake na mbele ya Cleide, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akauacha mkono wake ukae pale hadi Gérson alipofunga boneti.

"Baki na amani ya Mungu, Noêmia."

"Amani ya Mungu," alijibu, kwa mazoea.

Lori liliwaka Gérson alipojaribu mara ya tatu. Lilirudi nyuma, likagusa mti wa mlimau, likatoka. Kwenye kona ya kiwanda cha matofali mkono ulitokea dirishani, haukupunga, ulikaa tu hapo nje hadi lori lilipokata kona. Vumbi jekundu likatulia juu ya majani.

Cleide alikuwa bado mlangoni. Alikuwa ameona kila kitu na hakuwa na la kusema juu yake, kwa hiyo akasema lililokuwepo.

"Dada, kahawa ya moto ipo. Unataka?"

"Nataka," Noêmia alisema.

Neno lile moja lilitoka papo hapo, jepesi, bila kumsubiri mtu. Alilisikia likitoka. Akageuka kutazama kona ya kiwanda cha matofali, ambako hapakuwa na kitu, na kikombe kilipoletwa ilibidi Cleide amshikie kwa mikono yote miwili.